Ndege ya Nyuzi za Kaboni: Mwenye Hisa Aulize Tarehe

Anayekimbilia hisa kwa sababu tu kampuni imetangaza ndege mpya anakosea hesabu. Boeing ya Marekani ilipoanzisha mradi wa 787 mwaka 2004, iliahidi ndege ambayo karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, badala ya alumini, na inayokula mafuta pungufu kwa takriban asilimia 20. Ahadi haikuwa ya uongo. Ndege ni nyepesi, haishiki kutu kwa urahisi, na mashirika yanaitaka.

Kilichowaumiza wenye hisa ni tarehe. ANA ya Japani ilitakiwa kupokea ndege ya kwanza Mei 2008. Iliipata Septemba 2011. Mabawa yalitengenezwa Japani, sehemu za kiwiliwili Italia, na ile iliyoonyeshwa kwa shangwe Julai 2007 ilikuwa gamba tupu lililoshikwa kwa boliti za muda! Gharama za uzalishaji zilizoahirishwa vitabuni, zikingoja mauzo ya mbele, zilipita dola bilioni 28.

Wanunuzi nao walingoja. Kenya Airways iliagiza mwaka 2006, ikapokea ya kwanza Aprili 2014, watalii wakiwa wameanza kuadimika.