WAZEE NA VIJANA WAKETI PAMOJA



Katika kambi moja ya wafanya kazi wa shaba, hapa kwetu Katanga, kulichimbwa kisima cha pampu kwa franka za maendeleo. Vijana wa komite ndio waliochagua mahali. Palikuwa na nafasi, na gari la kuchimba liliweza kuingia bila taabu. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya mabomba katika kambi ile miaka mingi aliwaambia kwamba chini ya pale unapita mfereji wa zamani wa maji machafu. Wakamjibu: "Baba, wakati wenu umekwisha." Leo maji ya kisima kile yananuka. Mama zetu wanafulia nguo tu.

Katika mtaa mwingine komite ilikuwa ya wazee peke yao. Wao walijenga sali ya mikutano, nzuri kabisa, ina mabati mapya. Na wasichana wa mtaa ule wanaamka usiku wa manane kwenda kupanga ndoo mbali. Hakuna aliyewauliza kitu. Wangeulizwa, wangesema maji, si sali.

Tunasema wazi: kosa ni moja katika mitaa hii miwili.

Watu wengi hawajui kwamba sheria imetupa neno la kusema. Sheria ya migodi ya 2002 iligeuzwa mwaka wa 2018. Sasa kampani inayochimba inapaswa kutoa angalau franka 3 katika kila franka 1,000 za mauzo yake, kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Angalieni vizuri: ni za mauzo, si za faida. Kampani haiwezi kutuambia, "Mwaka huu hatukupata faida." Tena kuna kodi ya madini. Katika kila franka 100 za kodi ile, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za komini au sekta au usultani ulio na mgodi, na 10 zinawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo.

Vizazi vijavyo! Sheria imemkumbuka mtoto ambaye hajazaliwa. Lakini kijana wa miaka 20, aliye hai, mwenye njaa, akifika mlangoni pa mkutano anaambiwa: "Wewe mtoto, ngoja." Siku ya salongo majembe ni ya vijana. Siku ya mkutano viti ni vya wazee. Na tukumbuke kwamba tarehe 30 Juni 1960 Patrice Lumumba, waziri wa kwanza wa inchi yetu, alikuwa na miaka 34 tu. Leo mtu wa miaka 34 tunamtuma kununua sigara.

Lakini vijana nao wasifurahi upesi. Wanasema wazee walikula Kampani, wakamaliza, wakawaachia mashimo. Maneno haya si ya haki. Kuanzia mwaka wa 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Mapenzi gani? Watu walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Nyumba zikasimama kwa nguvu ya mama waliouza unga na mkaa sokoni, na ya watoto walioacha masomo. Basi baba alinyamaza kwa haya, mtoto alinyamaza kwa hasira, na mpaka leo wanapitana uani bila kuongea.

Tuongeze jambo moja ambalo wazee hawapendi kulisikia. Kambini Kampani ilipanga kila kitu: nyumba, posho, shule, lopitali, hata siku ya kufyeka majani. Mkubwa wa kambi aliamua, watu wakafuata. Mzee anajua mashine, anajua mabomba, anajua udongo. Lakini kuketi na jirani na kuchagua kama ni kisima au ni darasa, jambo hili hakufundishwa. Kijana pia hakufundishwa. Yeye anachimba mawe asubuhi, anauza jioni, na franka zinakwisha usiku. Hapa mzee na kijana ni wanafunzi wa darasa moja, na hakuna aibu.

Kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Karatasi ya ahadi kati ya kampani na wenyeji, ile inayoitwa cahier des charges, imeandikwa kwa Kifaransa kizito. Kijana aliyesoma anaweza kuifungua neno kwa neno. Mama anajua hesabu ya ndoo na bei ya kila kitu. Mzee anajua mfereji unapita wapi. Ukimtoa mmoja, mwenye kampani anafurahi, maana anapata watu wa kutia sahihi bila kuuliza.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Komite yoyote ikiitwa kwa ajili ya franka hizi, kila avenyu ipeleke watu watatu: mzee mmoja, mama mmoja, na kijana mmoja asiyefika miaka 30. Wasichana wahesabiwe kati ya vijana. Kabla ya sahihi, karatasi isomwe yote kwa Kiswahili, kwa sauti, nje, si ndani ya biro. Na hesabu ya franka zilizotumika ibandikwe ukutani, mahali ambapo mtu anayetoka zamu ya usiku anaweza kuisoma.

Katika kambi ile tuliyoitaja mwanzo, kisima cha pili kimeandikwa katika orodha ya kazi. Mahali pake hapajachaguliwa bado. Mzee wa mabomba angali hai, anakaa mbele ya nyumba yake kila jioni. Vijana wa komite wanajua mlango wake.