Kioo Kilichokwanguliwa Namba

Kona ya chini, upande wa kulia, palikuwa na mkwaruzo mweusi. Tulikuwa watu watano, kamati ndogo ya kitabu cha hadithi za watoto, tukipitishiana simu kutazama jalada ambalo kijana mmoja wa kwetu alikuwa amelitoa kwenye programu ya akili mnemba muda mfupi uliopita. Alikuwa ameiagiza hivi: chui na ndege, mtindo wa Tingatinga. Chui akatoka na macho yake ya duara, madoa yamepangwa kama vigae, ndege wawili wamepinda shingo, na nyuma yao rangi ya machungwa inafifia kuelekea njano. Picha ilipendeza, siwezi kusema uongo. Nikaikuza kwa vidole viwili. Ule mkwaruzo ulikuwa na umbo la saini: kitu kama E, kitu kama S, halafu mawimbi yasiyosomeka.

Nikauliza ni saini ya nani.

"Hiyo ya mashine tu, mama. Tutaifuta."

Mwenyekiti wetu, mzee wa heshima zake, akafunga mjadala kwa kauli ambayo siku hizi naisikia kila ninapokwenda: "Chombo ni chombo. Kisu hakina kosa, mwenye kosa ni mkono."

Kauli hiyo ina sauti ya busara, ndiyo maana imetulaza. Maana yake ni kwamba programu zote za picha ni sawa, chukua ya bure au inayotoa picha kali zaidi, na maadili yaanze pale unapoamua kuitumia picha vizuri au vibaya. Mimi nasema sehemu kubwa ya maadili imeshapita kabla hujaandika neno la kwanza. Imepita kiwandani.

Mkazi wa Dar es Salaam anapaswa kulielewa jambo hili bila kufundishwa. Ukinunua gari, unampelekea fundi akuchoree namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, kwa sababu unajua vikiibwa usiku vitatafutiwa mteja asubuhi. Sasa wewe mwenyewe uende dukani kutafuta spea, upewe kioo safi, bei poa, lakini mahali pa namba pamekwanguliwa. Unajua umeshika nini. Unaweza kukinunua, wengi tunanunua, ila hakuna anayesimama pale kaunta akatangaza kwamba kioo ni kioo tu na kosa ni la dereva.

Mkwaruzo kwenye kona ya jalada letu ni namba iliyokwanguliwa.

Ulifikaje pale? Chukua mfano wa Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti 2022, kwa kuwa habari zake ziko wazi kuliko za wengine. Ilifundishwa kwa sehemu za LAION-5B, orodha ya viungo takriban bilioni 5.85 vya picha zilizozolewa kwenye intaneti, kila picha na maneno yaliyoambatana nayo. Picha huchafuliwa hatua kwa hatua mpaka inabaki chenga tupu, kama televisheni za zamani zilipopoteza stesheni, na mashine hufundishwa kuzisafisha chenga hizo kwa kurudi nyuma. Ikifanya hivyo mara zisizohesabika, inajua kwamba mtindo fulani huja na macho ya duara, na kwamba kwenye kona huwa kuna mkwaruzo. Isichojua ni kwamba mkwaruzo ule ni jina la mtu.

Kampuni ya kuuza picha ya Getty Images iliona alama yake ikitoka kwenye picha za mashine hiyo, imepondekapondeka lakini inatambulika, ikaenda mahakamani London. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliikubalia sehemu ndogo tu, ya alama ya biashara. Dai kuhusu mafunzo yenyewe Getty walikuwa wameshaliacha kesi ikiendelea, kwa kukosa ushahidi kwamba yalifanyika Uingereza. Basi msiniambie nimemwita mtu mwizi. Hakimiliki hailindi mtindo, hilo nalo nalijua. Lakini tangu lini mambo yote ya aibu yakawa kwenye sheria?

Hapo ndipo kijana wetu aliponijibu kwa hoja nzito kuliko ya mzee. Alisema: mbona wachoraji wa Tingatinga wenyewe wanaigana? Nenda pale Morogoro Stores, Oysterbay, utamkuta chui yuleyule kwa wachoraji kumi.

Kweli. Na tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hushindwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Alikufa mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na jamaa, na kutoka kwao ikazaliwa kazi inayolisha familia mpaka leo. Kuigana ndiyo shule yenyewe. Lakini angalia anayeiga yuko wapi. Amekaa benchi moja na fundi wake. Amepaka rangi za nyuma kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kumgusa mnyama. Mteja akinunua chui wake, pesa imebaki kibaraza kilekile, na kila mtu pale anajua alifundishwa na nani. Mashine imelibeba benchi zima kwa mkupuo, ikaondoka nalo, na kibarazani hakuna aliyeuza hata kipande kimoja zaidi. Ukiuita huo uanafunzi, umemtukana kila aliyewahi kuosha brashi za mtu.

Turudi kwa mkono wa mzee. Mwishoni mwa 2025 na Januari 2026, watumiaji wa mtandao wa X waliitumia akili mnemba yake, Grok, kuwavua nguo pichani wanawake waliopiga picha zao za kawaida tu, mchana kweupe. Indonesia na Malaysia zikaifungia kwa muda. Programu nyingine kubwa zilikuwa zimewekewa vizuizi dhidi ya maombi ya namna hiyo. Mikono ilikuwa ileile. Tofauti iliwekwa na waliotengeneza. Kisu hakiketi kikao kuamua kitamkata nani.

Na kisu hakina picha kichwani ya mtu mweusi ni nani. Mwaka 2023 Arsenii Alenichev na wenzake waliandika katika Lancet Global Health jinsi walivyoiomba programu ya picha ya Midjourney iwachoree madaktari Waafrika wakiwahudumia watoto wazungu. Katika picha zaidi ya 300, karibu watoto wote walitoka weusi. Mara nyingine daktari aliwekewa twiga pembeni. Twiga, wodini.

Kuna pia walioisafisha njia. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa chini ya kampuni ya Sama, kwa kazi ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya ubakaji na ukatili, ili mashine ifundishwe kuyatambua. Ripoti hiyohiyo ilitaja majaribio ya Februari 2022 ya kukusanya picha za ngono na za ukatili, kazi ambayo Sama iliiacha. Kila programu inapokataa ombi chafu kwa adabu, "samahani, siwezi," huenda nyuma ya adabu hiyo kuna mtu aliyekosa usingizi.

Basi, wataniambia, hakuna mtakatifu, tumia yoyote. Hii ndiyo kauli ileile ya kisu, imebadilisha shati. Kampuni ya Adobe waliitoa programu yao ya picha, Firefly, mwaka 2023 wakijivunia kwamba imefundishwa kwa picha walizo na leseni nazo, na waliochangia hazina yao ya picha wakalipwa bonasi. Mwaka uliofuata shirika la habari la Bloomberg likaeleza kwamba asilimia 5 hivi ya picha za mafunzo zilitoka kwa akili mnemba, zikiwemo za Midjourney. Madoa, ndiyo. Lakini kati ya duka lenye risiti iliyochafuka na kijana anayekuuzia kioo gizani, wewe huoni tofauti?

Mimi huzitumia programu hizi. Nimechora ramani ya shamba, mchoro wa pampu, bango la kikao cha mtaa ambalo hakuna angelilipia hata soda. Nikitaka kutumia mpya, natafuta kwanza wenyewe wamesema picha za mafunzo walizipata wapi. Wakinyamaza, nami naondoka. Siandiki jina la mchoraji aliye hai, wala mtindo wa watu ninaoweza kuwafikia kwa daladala. Na kitabu kinachouzwa, chenye mstari wa bajeti unaosomeka "jalada", kina mtu wake wa kulipwa.

Kamati ikapiga kura, tatu kwa mbili, jalada lichorwe na mtu. Nilikwenda Oysterbay na mwenyekiti Jumamosi iliyofuata. Fundi tuliyempata aliipokea simu, akamtazama chui wa mashine muda mrefu, akaikuza picha kama nilivyoikuza mimi, hakusema kitu. Akataja bei. Mzee wangu, ambaye hakubali kushindwa, akauliza kama ingepungua endapo fundi angenakili tu ile picha iliyopo, asihangaike kubuni.

Fundi akacheka mpaka akaweka brashi chini. Akasema hapana, hiyo itapanda, maana kidole cha huyu ndege itabidi kwanza akajifunze kukikosea.