Siri za Vita na Siri za Hesabu: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bunge ya Ulinzi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wanachama wa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni, Bunge la Kitaifa, Nairobi.

Kamati hii ndiyo iliyokabidhiwa na Bunge jukumu la kuisimamia Wizara ya Ulinzi pamoja na Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF), na ndiyo maana hoja inayowasilishwa hapa haina mlango mwingine wa kubisha. Kwa miaka mingi sasa, mambo mazito yanayohusu bei za silaha za Kenya, udhaifu wa kambi zake na idadi ya askari wake waliouawa yamekuwa yakijulikana kwanza kupitia mabunge, majeshi na vyombo vya habari vya nchi nyingine, ilhali Bunge lenye mamlaka ya kikatiba ya kuyadai huyapata yakiwa yamekwisha kuenea. Hali hiyo haitokani na upungufu wa sheria. Inatokana na mazoea ya kuchanganya siri za aina mbili ambazo hazina undugu, yaani ile inayomnyima adui nafasi ya kushambulia, na ile inayomnyima mlipa kodi nafasi ya kuuliza.

Mfano ulio wazi ni wa ndege za Air Tractor, ambazo asili yake ni ndege za kunyunyizia dawa mashambani zilizoimarishwa na kufungwa silaha. Mnamo Januari 2017 serikali ya Marekani iliarifu Congress, yaani bunge la nchi hiyo, kwamba imekubali kuiuzia Kenya ndege zisizozidi 12 za aina hiyo, na nyingine mbili za mafunzo, pamoja na huduma zake, kwa makadirio ya dola milioni 418. Taarifa za mauzo ya namna hiyo huko Marekani hutangazwa hadharani kabla mkataba haujakamilika, na kwa njia hiyo wananchi wa Kenya walijua kwamba serikali yao ilikuwa sokoni. Hoja ya bei iliibuliwa na Ted Budd, mbunge kutoka North Carolina, ambako kampuni ya IOMAX ilidai kwamba ingeweza kutoa ndege za kazi hiyo hiyo kwa dola milioni 237 hivi. Ni kweli kwamba Budd alikuwa akitetea kampuni ya jimboni kwake, na dai la mshindani wa kibiashara halipaswi kumezwa bila kutafunwa. Hata hivyo, pengo la dola milioni 181 katika fedha za Kenya lilistahili kuulizwa kwanza Nairobi, tena na watu wanaowajibika kwa wapiga kura wa Kenya. Mpango huo hatimaye haukutekelezwa.

Majirani wa Kenya nchini Tanzania walipitia jambo la jinsi hiyo katika ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, ambapo kesi iliishia katika mahakama ya London mwezi Desemba 2010, na kampuni hiyo, baada ya kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, ambazo Watanzania walizibatiza jina la chenji ya rada, zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule, na hilo ni jema; lakini nchi haiwezi kuifanya mahakama ya ugenini kuwa mkaguzi wake wa hesabu.

Kamati haihitaji kukumbushwa kwa kirefu kuhusu mikataba ya Anglo Leasing, ila kuna jambo moja katika kashfa hiyo ambalo halijafanyiwa kazi. Mradi wa pasipoti ambao kampuni ya Kifaransa ilikuwa imeukadiria kwa euro milioni 6 uligeuka mkataba wa euro milioni 30, na hilo liliwezekana kwa sababu mikataba ile ilipewa sura ya usalama wa taifa, na chini ya kivuli hicho ushindani wa zabuni ukawekwa kando. John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa Utawala Bora na Maadili, alipoifuatilia mikataba hiyo aliishia kukimbilia Uingereza mwaka 2005. Meli ya KNS Jasiri, iliyosainiwa mkataba mwaka 2003, ilikwama katika maswali ya kipindi hicho hicho na kufika Mombasa mwaka 2012, huku Jeshi la Wanamaji likiwa limeikosa kwa miaka yote hiyo. Hapa pana funzo ambalo wanajeshi wenyewe wanapaswa kuwa wa kwanza kulitetea, kwamba bei iliyofichwa huumiza hazina na pia humchelewesha askari kupata chombo anachokihitaji.

Suala la fedha, hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na la El Adde. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia kambi ya KDF iliyokuwa chini ya AMISOM, yaani kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, katika eneo la Gedo, wakatanguliza gari lililosheheni mabomu na kuiteka kambi. Jenerali Samson Mwathethe, Mkuu wa Majeshi wakati huo, alieleza kwamba nguvu ya mlipuko ilizidi mara tatu ile ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Miili ilisafirishwa hadi Nairobi, na kwa kuwa mingine haikutambulika kwa macho, jamaa walitakiwa watoe sampuli za vipimo vya DNA, vinavyolinganisha chembe za urithi za marehemu na za ndugu zake. Tarehe 27 Januari marais watatu, Uhuru Kenyatta wa Kenya, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria, walihudhuria ibada ya kumbukumbu katika Kambi ya Moi, Eldoret. Serikali iliweza kueleza ukubwa wa bomu, ikaweza kuandaa ibada ya kitaifa, lakini jumla ya waliouawa haikuitangaza rasmi. Rais wa Somalia alinukuliwa akitaja askari wapatao 200, serikali ya Kenya ikakanusha bila kutoa idadi yake, na mwezi Mei mwaka huo shirika la habari la CNN likaripoti kwamba waliokufa hawakupungua 141.

Katika kimya hicho, mzazi aliyezika mwanawe hajui kama kambi ilionywa, kama iliomba msaada wa ndege, wala kama msaada huo ulichelewa kwa sababu ya umbali, upungufu wa vyombo au uzembe wa mtu. Hayo ndiyo maswali ya mkakati wa ulinzi kwa maana yake halisi, kwa sababu bajeti isiyojua ni kwa nini askari walikufa haiwezi kujua inunue nini. Linganisho la karibu lipo Lamu. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia kiwanja cha ndege cha Manda Bay na kuwaua Wamarekani watatu. Jeshi la Marekani lilimtaja kwa jina askari wake aliyefariki katika muda wa siku chache, na mwezi Machi 2022 likatoa hadharani matokeo ya uchunguzi yaliyokiri udhaifu wa ulinzi wa kiwanja hicho. Hivyo Mkenya anayetaka kujua kilichoharibika katika kambi iliyo ndani ya ardhi ya Kenya analazimika kusoma ripoti ya Wamarekani.

Wapo maofisa wenye uzoefu wanaoshikilia kwamba takwimu za vifo humpa adui kiburi na huvunja ari ya vikosi, na hoja yao ina uzito pale mapigano yanapokuwa bado yanaendelea. Njia za doria, akiba ya risasi, mipaka ya uwezo wa rada na majina ya watoa habari ni mambo yanayostahili kubaki gizani kwa miaka mingi, na hakuna raia mwenye busara anayeyadai. Lakini Al-Shabaab walikuwepo El Adde. Miaka mingi baada ya tukio, aliyebaki bila taarifa si yule aliyeshambulia.

Sheria tayari imeutenga mchele na pumba. Ibara ya 239 ya Katiba ya 2010 inaviweka vyombo vya usalama wa taifa chini ya mamlaka ya kiraia; Ibara ya 240 inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa liripoti kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama, na kulizuia lisipeleke majeshi nje ya nchi bila idhini ya Bunge. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, katika kifungu cha 90, inazitaka taasisi za ulinzi ziwe na orodha mbili za manunuzi, moja ya wazi na nyingine ya vitu vya siri, maana yake ni kwamba hata mtunga sheria hakukusudia viatu, magodoro na unga wa askari vifichwe pamoja na makombora. Kinachokosekana ni Bunge kutangulia. Askari walivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na idhini ya kujiunga na AMISOM ikatafutwa Bungeni Desemba. Tarehe 25 Juni 2024 jeshi liliagizwa kuwasaidia polisi wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, na Bunge likaidhinisha kesho yake. Idhini inayofuata nyuma ya kitendo haina tofauti kubwa na stakabadhi.

Kwa hiyo Kamati inaombwa iitake Wizara iwasilishe orodha ya wazi ya manunuzi pamoja na bei kabla ya kila makadirio ya bajeti kujadiliwa, na ile ya siri isomwe na wajumbe katika kikao cha faragha mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ili neno siri lisiwe tena kinga ya bei. Inaombwa pia iweke ratiba ya kujadili ripoti za Mkaguzi huyo kuhusu Wizara ya Ulinzi katika miezi mitatu iliyowekwa na Ibara ya 229, badala ya kuziacha zirundikane hadi maofisa waliohusika wamestaafu. Kuhusu El Adde hakuna cha kusubiri, kwa kuwa kambi ile iliachwa mwezi ule ule iliposhambuliwa, na AMISOM yenyewe ilikoma mwaka 2022. Jumla ya waliouawa, pamoja na muhtasari wa uchunguzi uliofanywa na jeshi, vinaweza kuwekwa mezani mwa Bunge katika kikao chochote ambacho Mwenyekiti ataamua kukiitisha.