KONA YA FAMILIA: Hao "Wahindi Wekundu" wa kwenye video



Mwezi huu tuzungumze juu ya filamu za kauboi. Watoto wetu wakishaziona wanakwenda kuziigiza, na kila mmoja anataka kuwa kauboi. Aliye mdogo ndiye analazimishwa kuwa "Mhindi Mwekundu", maana huyo ndiye wa kupigwa risasi.

Hebu tuulize, hao ni watu gani? Kwanza, si Wahindi. Mwaka 1492 Columbus alifika visiwa vya Karibi akadhani amefika Asia, upande wa India, na jina likabaki. Hao ni wenyeji wa Amerika, waliokaa huko maelfu ya miaka kabla ya wazungu. Leo serikali ya Marekani inatambua makabila yao zaidi ya 570. Lakini kwenye filamu wote ni wamoja: manyoya kichwani, farasi, hema la ngozi na kupiga kelele. Kumbe watu wa kabila la Hopi, kwa mfano, tangu zamani ni wakulima wa mahindi na wanajenga nyumba za mawe!

Tena mara nyingi aliyeigiza hakuwa mwenyeji. Iron Eyes Cody, aliyejulikana sana kwa tangazo la mwaka 1971 akitoa chozi kwa sababu ya uchafu, wazazi wake walikuwa Waitalia.

Na kuna jambo filamu nyingi za zamani hazisemi: hao "wakali" walikuwa wanatetea ardhi yao. Mwaka 1830 Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha. Mwaka 1838 na 1839 Wacherokee walitolewa kwao kwa nguvu, na maelfu walikufa kambini na njiani. Sisi tuliotembea na mizigo kichwani, habari hiyo tunaielewa bila kufasiriwa.

Wenyewe hawakunyamaza. Walidai miaka mingi, mpaka mwaka 2020 timu ya mpira ya Washington ikaacha jina la matusi juu ya ngozi yao, lililotumika tangu 1933. Na kuanzia 2021 hadi 2023 ulionyeshwa mchezo wa televisheni, Reservation Dogs, ulioandikwa na kuigizwa na wenyeji wenyewe. Humo vijana wao wanacheka, wanalia, wanagombana, kama vijana wa kwetu.

Wazazi, na sisi tunachorwa hivyo hivyo. Mkimbizi kwenye televisheni ni mtu wa kunyoosha sahani tu, eti hana kazi aliyojua wala shamba aliloliacha. Asiyekujua hakuthamini.

Hatusemi watoto wakatazwe video. Mkae nao, muwaulize: Filamu hii ametengeneza nani? Nani anasema, na nani hapewi nafasi ya kusema? Halafu wasimulieni habari za kwenu, ili wasingoje kusimuliwa na wengine.

Tukutane mwezi ujao.