Kisu Safi ni Kisu Vilevile



Wako watu wanaosema hivi: “Zamani wazee walitahiri wasichana kwa wembe mchafu, na wengine walikufa. Sasa tuna waganga wenye sindano na dawa. Wao waifanye kazi hiyo, na hatari itakwisha.” Neno hili linafanana na hekima, lakini si hekima. Tufikiri pamoja.

Kutahiri wasichana, ndiko kukeketa, ni kukata viungo vya nje vya uzazi vya mwanamke. Katika nchi kama Sudan na Somalia wengine hushona jeraha pia na kuacha tundu dogo tu. Mganga akikata kidole kilichooza, anaokoa mkono. Akimkata msichana mzima, anaokoa nini? Hakuna.

Tena, sindano huzuia maumivu ya siku moja tu. Dawa huua vijidudu, lakini nyama iliyokatwa hairudi, na kovu halitanuki kama ngozi nzima. Mwaka 2006 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa habari za wanawake zaidi ya 28,000 waliozaa katika hospitali za Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria, Senegal na Sudan. Mahali ambapo watoto 100 wa mama wasiokatwa wangekufa wakati wa kuzaliwa, watoto wa mama waliokatwa na kuzibwa wangekufa 155. Kovu halimwulizi mama kama kisu kilikuwa safi.

Angalieni Misri. Huko waganga wengi waliichukua kazi hii. Mwaka 2013 binti wa miaka 13 alikufa baada ya kukatwa na mganga, na mwaka 2015 mganga huyo alihukumiwa. Kenya, katika nchi ya Kisii, wauguzi wengine wamekata wasichana kwa siri ili wapate fedha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inawakataza hata waganga, na msichana akifa, aliyemkata aweza kufungwa maisha. Sheria ya Congo ya mwaka 2006 nayo inakataza kuharibu viungo vya uzazi.

Lakini ubaya mkubwa ni huu: mganga akikata, wazazi husema, “Kumbe ni jambo jema, hata hospitali inalifanya.” Hivyo desturi iliyokuwa karibu kufa hupata nguvu mpya.

Mtu atauliza: “Hospitali ikikataa, je, hawatakwenda kwa bibi mwenye wembe?” Ni swali la kweli. Mwaka 1929 misioni katika nchi ya Wakikuyu zilikataza desturi hii, na watu wengi wakaacha makanisa na shule. Mwaka 1956 wazee wa Meru walipokataza, wasichana walikatana wao kwa wao. Basi kukataza peke yake hakutoshi. Mama anayempeleka binti yake hamchukii. Anaogopa binti hataolewa. Kwa hiyo tuseme na baba pia, na vijana wanaotaka kuoa. Wakristo wajue kwamba tohara aliyopewa Abrahamu ilikuwa ya wanaume tu.

Na wewe mama uliyekwisha kukatwa, hata kama ni katika nchi nyingine, usione haya. Mwambie mkunga mapema, mimba ingali changa. Kama ulishonwa, aliyefundishwa kazi hiyo aweza kukufungua kabla ya kuzaa au wakati wa kuzaa. Ukiisha kuzaa, usikubali kuzibwa tena.

Kazi ya mganga ni tatu: kuponya, kufundisha, na kukataa kushika kisu hicho, hata akiletewa fedha, hata akiombwa na rafiki. Baba na mama, msimwombe. Mlindeni binti yenu kama alivyozaliwa.