Tisini na tatu katika kila mia

Kuna tarakimu moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila darasa la teolojia ya kichungaji: 93. Ndiyo asilimia ya Watanzania waliosema wanaamini uchawi, katika utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa Aprili 2010. Watu zaidi ya 25,000 walihojiwa ana kwa ana katika nchi 19 za Afrika.

Katika utafiti huohuo, zaidi ya Watanzania 9 katika kila 10 walisema dini ni muhimu sana maishani mwao. Fanya hesabu. Makundi haya hayawezi kuwa ya watu tofauti: katika kila mia, wasiopungua 83 wamo katika yote mawili. Wamo Waislamu, wamo Walutheri, na wamo wetu wanaopanga foleni ya Komunyo.

Wapo watakaosema takwimu hizi ni za zamani na zimetoka kwa wageni. Sawa. Mimi nina shaka nyingine, nayo ni ya lugha. Kwa Kiswahili, "kuamini uchawi" kuna maana mbili. Mama anayeamini kwamba wachawi wapo, na usiku anasali rozari kwa hofu, si sawa na mtu anayeuamini uchawi kiasi cha kupeleka kuku kwa mganga. Dodoso linawaweka kapu moja. Mchungaji hana ruhusa ya kufanya hivyo, kwa sababu wa kwanza anahitaji kutulizwa na wa pili anahitaji kuitwa atubu.

Lakini hofu ya yule wa kwanza nayo si ya kuchezea. Mahojiano yale yalifanyika kati ya Desemba 2008 na Aprili 2009, wakati Kanda ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa mauaji ya mtoto. Mwaka 2015, uchaguzi ulipokaribia, Umoja wa Mataifa ulionya tena kuhusu mashambulizi hayo. Viungo vya binadamu havinunuliwi na maskini. Mwenye kutafuta utajiri au cheo ndiye mteja. Na vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu ya macho mekundu? Macho yale yamewekundishwa na moshi wa jikoni, wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, miaka hamsini.

Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928. Katekisimu inakataza uchawi katika namba 2117. Papa Benedikto wa 16 aliuzungumzia katika Africae Munus ya mwaka 2011, na aya yenyewe, kwa bahati, ni ya 93. Hatuna upungufu wa maandishi. Tuna upungufu wa padre aliyepo msibani siku ya pili, wakati ukoo umejifungia chumbani kuulizana "nani kamla mtoto wetu?"

Frateri anayetoka seminarini akisema tu "huo ni ushirikina, acheni" ataitikiwa "ndiyo, Padre", kisha wataenda kwa mpiga ramli giza likiingia. Afadhali ajue ugonjwa ulioua, amweleze baba wa marehemu kwa maneno ya kawaida, akae pale mpaka usiku. Afadhali Jumuiya Ndogo Ndogo ipange zamu ya kulala kwa bibi anayenyoshewa kidole, tena zamu hiyo waanze wanaume. Na mgombea anayeleta mabati ya kanisa aulizwe, mbele ya halmashauri ya walei, kama amepita kwa mganga kabla ya kuja kwetu. Najua swali hilo litaudhi. Mabati yanaweza kusubiri.