Wanaochukua Wauguzi Wetu Wakae na Kaunti

Hospitali za umma nchini Uingereza zimejifunza kuajiri kwa pamoja. Zamani kila hospitali ilituma watu wake Manila, India au Nairobi, ikalipia matangazo yake, ikaendesha usaili wake, na mara nyingine hospitali mbili za mji mmoja zikamgombea muuguzi yule yule. Siku hizi kadhaa huungana. Moja hubeba kazi ya kutangaza na kusaili kwa niaba ya wenzake, gharama zinagawanywa, na wauguzi husafiri kwa makundi badala ya mmoja mmoja. London, kwa mfano, ina muungano wa namna hiyo chini ya mpango wa CapitalNurse.

Tunauunga mkono utaratibu huu, na tunasema hivyo mapema kwa sababu tutakayoyadai yanatokana nao.

Faida yake ya kwanza ni kwamba unampunguzia wakala nafasi ya kula. Kanuni za uajiri wa kimataifa za Uingereza zinakataza mwombaji wa kazi ya afya kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Hata hivyo, penye waajiri wadogo wengi waliotawanyika, wapo mawakala wa kuuza hata barua ya ajira. Ndivyo ilivyotokea katika nyumba za kutunzia wazee. Watu waliuza mashamba na kukopa ili wapate viza ya mhudumu, wakafika na kukuta kazi haipo, au mwajiri amepokonywa leseni ya kuleta wageni. Mwajiri akipoteza leseni, mfanyakazi hupewa siku 60 tu atafute mwingine au aondoke nchini. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 15 mwaka 2023 ili halmashauri na watoa huduma washirikiane kimkoa kusafisha uajiri huo. Fedha zilifika wakati uharibifu umeshaenea, na Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo ukafungwa kabisa. Waajiri wale wangeanza kwa kuungana, walaghai wangepata shida kujipenyeza.

Faida ya pili anaijua aliyefanya mtihani wa vitendo. Muuguzi wa kigeni hasajiliwi Uingereza mpaka aupite, na ada yake ni pauni 794. Ndani ya mtihani huo kuna vituo 10. Anamkagua mgonjwa wa kuigiza, anaandika mpango wa huduma, anatoa dawa, anafunga kidonda bila kukichafua, na saa inakimbia muda wote. Mkunga aliyezalisha wanawake miaka 10, tena usiku kwa mwanga wa simu umeme ukikatika, anaweza kufeli kwa kusahau kusoma utepe wa jina kwenye mkono wa mgonjwa na kumuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Anayefika peke yake, katika hospitali ambayo haijawahi kupokea mgeni, hujifunza hayo usiku chumbani mwake. Aliyefika na kundi ana mkufunzi, ana vifaa vya mazoezi, na ana mwenzake wa kumshikia saa.

Maandalizi ni jambo kubwa kuliko tunavyokubali. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba wauguzi takriban 300 walifanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza na 10 tu ndio waliofaulu. Wengi walicheka. Hakuna cha kuchekesha hapo. Hao ni watu waliosomea kazi yao kwa Kiingereza na wanaojaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Mtihani ule una mtindo wake wa kuandika na wa kusikiliza, na mtindo hufundishwa. Waajiri walioungana wanaweza kulipia darasa hilo. Muuguzi asiye na kazi hawezi.

Sasa tuje kwa upande wetu. Katika ushirikiano huu wote wa waajiri, mwajiri mmoja hajaalikwa: yule anayempoteza muuguzi.

Nchini Kenya mwajiri huyo ni kaunti. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti 47, nazo ndizo zinazoajiri na kulipa wauguzi wengi wa umma. Lakini makubaliano ya Julai 2021 kati ya Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya yalitiwa saini London kati ya serikali mbili. Miezi michache baadaye Uingereza ikaiweka Kenya katika orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawaruhusiwi kwenda kutafuta wafanyakazi ila kwa njia ya makubaliano hayo. Hatua hiyo ilikuwa nzuri kwa kuwa ilifunga milango ya uani. Ila mlango wa mbele uliobaki unafunguliwa Nairobi, na kitanda kinachokosa mhudumu kiko Kitui au Homa Bay.

Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwapeleka wauguzi waliohitimu na hawana kazi. Tunao kwa maelfu, na ni aibu yetu wenyewe, maana wodi zinawahitaji. Tatizo ni kwamba hospitali ya ng'ambo hupenda mtu aliyekwisha kuiva: wa chumba cha upasuaji, wa wagonjwa mahututi, wa figo, wa watoto wachanga. Huyo yuko kazini. Akiondoka, nafasi yake haijazwi na kijana aliyetoka chuoni juzi. Muuguzi wa wagonjwa mahututi husomea diploma ya kawaida kwa miaka 3 hivi, akafanya kazi, kisha akarudi chuoni mwaka mzima kusomea fani hiyo. Mashine ya kupumulia inanunuliwa kwa zabuni na kuzinduliwa kwa utepe, lakini anayejua kuirekebisha saa tisa usiku oksijeni ya mgonjwa inaposhuka ni yule aliyeshakabidhi sare. Hospitali ya kaunti ikiwa na wanne wa aina hiyo na wawili wakaondoka mwezi mmoja, vitanda vinabaki lakini wagonjwa wanahamishwa. Msimamizi wa wodi hupata habari kwa barua ya kujiuzulu.

Hatusemi muuguzi azuiwe. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya zinatambua haki yake ya kuhama, nasi tunaitambua. Mtu aliyeajiriwa wakati wa Korona kwa mkataba wa muda, akaandamana miaka kadhaa akidai ajira ya kudumu, hana deni kwa yeyote. Na kaunti isiyolipa mishahara kwa wakati haina mdomo wa kumlaumu anayepanda ndege. Tusisahau pia kwamba mwaka 2018 serikali yetu ilileta madaktari 100 kutoka Cuba huku madaktari Wakenya wakisubiri kuajiriwa. Uajiri mbovu tunaufanya hata sisi.

Tunachodai kinawahusu waajiri na waajiri wenzao. Muungano wa hospitali za Uingereza ukitaka wauguzi kutoka Kenya, ukae na Baraza la Magavana, uulize kaunti zinaweza kuachilia wangapi, wa fani gani na lini. Ukitaka wenye uzoefu, uchangie kuutengeneza. Tunapendekeza hivi: muungano ulipe mshahara wa mwaka mmoja wa muuguzi asiye na kazi akiwa katika hospitali ya kaunti, chini ya msimamizi, huku akisomea mtihani wa lugha. Mwisho wa mwaka anasafiri akiwa ameiva. Kaunti imepata mikono kwa mwaka mzima. Hospitali ya ng'ambo imepata mtu aliyekwisha kushika zamu na kujua uzito wake. Familia yake haikuuza ng'ombe. Kwa wale wa fani maalumu, waliopo kazini na wanaotaka kwenda, muungano ulipe karo ya anayebaki kuchukua nafasi hiyo, na ulipe kabla ndege haijaruka. Baadhi ya waajiri wa Uingereza wamekuwa wakimdai muuguzi maelfu ya pauni akiacha kazi mapema, wakisema wanarudisha gharama za kumleta. Wanaojua kupiga hesabu ya gharama ya kumleta hawashindwi kupiga hesabu ya gharama ya kumsomesha.

Kaunti nazo zijipange. Waajiri 47 wakizungumza kila mmoja kivyake na muungano mmoja watapewa makombo. Magavana wangekuwa na dawati moja la pamoja, lenye takwimu za wodi kwa wodi, na kanuni moja ya likizo bila malipo ili anayekwenda kwa miaka 3 akute kazi yake akirudi, kwa daraja linaloheshimu alichojifunza. Leo akirudi huanza foleni upya, kwa hiyo wengi hawarudi.

Majirani nao wasidhani jambo hili haliwahusu. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa zina upungufu mkubwa wa wahudumu na zinahitaji kulindwa. Waajiri wa nje wanaofuata kanuni hawaendi kuajiri huko. Wasiozifuata wanakwenda, na muuguzi mmoja mmoja anaomba kazi mtandaoni bila kumwambia mtu. Utaratibu wa pamoja utakaokubaliwa hapa ungewafaa na wao.

Kuna hatua isiyosubiri mkataba mpya. Muuguzi anapoomba usajili ng'ambo, Baraza la Wauguzi la Kenya huombwa kuthibitisha kwamba amesajiliwa kihalali. Kwa hiyo Baraza linajua, miezi kadhaa kabla ya barua ya kujiuzulu, ni wangapi wanajiandaa kuondoka. Majina ni siri yao na yabaki hivyo. Lakini idadi, kwa fani na kwa kaunti, inaweza kufika kwa kila waziri wa afya wa kaunti kila robo mwaka, ili wakati wa kupanga bajeti ajue anasomesha wangapi na wa nini. Tunaliomba Baraza lianze na robo hii.